Shughuli Mbili, Jiko Moja

Asubuhi ya Ijumaa, siku moja kabla ya harusi ya binti wa Mzee Bakary, Sixbert aliingia uani kwa Kidawa akiwa ameshika kofia mkononi. Sixbert, mfunga maturubai, alikuwa mtu wa mzaha ambaye kofia yake haikutoka kichwani hata wakati wa kula, basi wanawake waliokuwa wakisugua masufuria walijua kabla hajafungua kinywa kwamba kuna mtu katutoka. Akasema Bibi Bertha amefariki alfajiri, hospitalini. Bibi Bertha alikuwa mama mzazi wa Magdalena.

Mikono ikasimama juu ya masufuria. Hakuna aliyethubutu kumtazama Kidawa usoni, maana mtaa mzima wa Rasbura ulijua kwamba baina ya Kidawa na Magdalena hapakuwa na salamu, mwaka wa tatu huo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wanawake hao wawili walikuwa wamepika jiko moja kwa miaka mingi, katika mgahawa wa shirika la umma pale Lindi mjini, Kidawa akiwa Mmwera wa vijiji vya bara na Magdalena Mmakonde wa Newala. Mmoja alikwenda msikitini, mwingine kanisani, na siku za sikukuu walipeana zamu bila kuombana. Ndipo zikaja enzi za ruksa. Shirika likafungwa, wafanyakazi wakapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri, kila mtu akaambiwa ajitafutie. Kidawa alinunua masufuria makubwa ya kupikia shughuli, sahani, viti na maturubai, akaanza kukodisha na kupika. Aliona mbali. Korosho zilikuwa zimeanza kununuliwa na watu binafsi, fedha zikawa zinaonekana mifukoni mwa watu ambao jana walikuwa wakikopa kipande cha sabuni, na mwenye fedha mpya hana haraka ya kujenga, ana haraka ya kufanya shughuli.

Baada ya mwaka mmoja Magdalena naye akafungua kazi ileile, mtaa wa pili. Hilo Kidawa angelimeza. Lakini siku moja, mbele ya wanawake waliojaa katika ngoma, Magdalena alisema kwamba waliokula pilau ya Kidawa kwenye harusi fulani walilala chooni. Ukweli ni kwamba mzee mmoja alikula kupita kiasi. Maneno hayana breki. Yalishuka Mikindani, yakapanda Kilwa Kivinje, na msimu mzima simu ya duka la jirani, ambako wateja walizoea kumwachia Kidawa ujumbe, haikulia kwa ajili yake.

Na Kidawa, aliyezaliwa na moto, akaongeza moto. Alishusha bei hadi akawa anapika bure, si kwa kutaka wateja bali kwa kutaka Magdalena alie. Kisha akamfukuza Debora, mpishi wake mkuu, kwa kosa la kuonekana sokoni akimwamkia Magdalena. Wiki iliyofuata wali uliungua kwenye shughuli mbili mfululizo, naye akakaa peke yake uani na kugundua kwamba hasira ni meneja mbaya: huajiri upesi, hufukuza upesi, na mshahara wake lazima umlipe. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Debora, akaomba radhi mbele ya mumewe na watoto, akamrudisha. Tangu siku hiyo alijiwekea sharti. Moyo ukichemka, haamui neno lolote mpaka akae chini achambue sinia zima la mchele. Wafanyakazi wake walilizoea sharti hilo kiasi kwamba mteja akianza kupayuka, mmoja wao alikwenda kimyakimya kuleta sinia.

Sasa Sixbert alikuwa na mengine ya kusema. Vyombo vyote vya Magdalena, pamoja na wapishi wake, vilikuwa vimekwenda kwenye jubilei ya parokia upande wa Nachingwea, na lori lilikuwa limekwama njiani wakati wa kurudi. Mvua ilikuwa imekata barabara. Ndugu wa Newala walikuwa wanakuja, maziko yangekuwa kesho, na mwanamke aliyekodisha masufuria kwa mji mzima hakuwa na sufuria la kupikia msiba wa mama yake.

"Mungu si Athumani," alisema Mwanasha, mpishi mdogo kuliko wote, na wawili watatu wakacheka kwa pua.

Kidawa hakucheka. Lakini ndani yake kitu kilicheka, naye akakisikia waziwazi, kama mtu anavyosikia panya darini. Kilimtisha. Akaomba mchele.

Alikaa kwenye kibao, sinia mapajani, akaanza kutoa mawe na chuya. Ile furaha haikutaka kuondoka. Akaiacha ikae, akaitazama, akaiita kwa jina lake: ni furaha ya mtu aliyeumizwa, si mshauri mwema. Ilipopoa akaona kwamba chini yake kulikuwa na woga. Harusi ya kesho ilikuwa shughuli kubwa kuliko zote alizowahi kushika. Mzee Bakary, mnunuzi wa korosho, alikuwa amekodi kila chombo alichokuwa nacho Kidawa, na wakwe walikuwa wanatoka Dar es Salaam. Ikienda vizuri, yale maneno ya pilau yangezikwa. Ikiharibika, angezikwa yeye. Ni kweli woga ule ulikuwa na haki yake. Lakini mikono ilipozidi kupekua, akakutana na jambo ambalo hakulitegemea: akamwona Bibi Bertha ameketi kwenye ngazi za mgahawa jioni, akimsubiri binti yake, na kwenye kikapu ana muhogo wa kuchoma vipande viwili. Kila siku viwili. Cha Magdalena na cha Kidawa.

Machozi yakadondoka kwenye mchele. Hapo ndipo alipojua kwamba anaweza kuamua.

Aliwaambia wanaotaka kwenda msibani waende, wakumbuke tu kurudi alasiri. Mwanasha akauliza kuhusu masufuria, yanapelekwa au hayapelekwi.

"Masufuria hayatoroki," Kidawa alisema. "Kwanza tukakae na mfiwa."

Alijitanda kanga, akaenda na Debora. Njiani alitengeneza maneno yake vizuri: pole, dada, masufuria yangu yapo, chukua utakayo. Yalimpendeza. Yalikuwa maneno ya mtu mwema, na yangesikika hadi Mikindani.

Walipoingia, wanawake waliokaa kwenye mikeka walisahau kulia. Wote waligeuza vichwa kuona itakuwaje. Magdalena alikuwa ameegemea ukuta, kichwa amefunga kitambaa. Alimwona Kidawa, mabega yakamkakamaa. Kisha macho yake yakafanya jambo dogo ambalo wengine hawakuliona. Yaliruka kutoka kwa Kidawa hadi mlango wa uani, kulikokuwa kunafuka moshi, yakarudi upesi sakafuni.

Kidawa alikuwa amejiandaa kuona chuki. Hii haikuwa chuki, ilikuwa aibu. Magdalena hakuwa anaomboleza mama tu. Alikuwa anasikiliza kila kijiko kinachogonga huko nyuma, akijua kila mgeni atahesabu visufuria vyake. Na yale maneno mazuri aliyokuja nayo Kidawa, yakisemwa hapa mbele ya macho yote haya, yangekuwa kofi lililopakwa asali.

Akayameza. Alikaa kwenye mkeka, akamlilia Bibi Bertha, na kilio chake kilikuwa cha kweli kiasi kwamba wanawake waliokuja kutazama ugomvi wakaona haya, wakaanza kulia nao.

Baadaye alipita nyuma kunawa uso. Wasichana walikuwa wakihangaika na visufuria vya chai, wakipika ugali kidogo kidogo huku watu wakizidi kuingia. Ng'ambo ya kijia, kwenye kiwanja cha pili, lilisimama lile banda ambalo Kidawa kwa miaka miwili alikuwa akigeuza uso ili asilione: jiko la Magdalena, refu, limeezekwa bati, majiko ya matofali yamejipanga, na stoo ya kuni kavu ubavuni. Hakuna mwingine Rasbura aliyekuwa na jiko kama lile. Lilikuwa baridi, halina hata majivu mapya, kwa kuwa halikuwa na cha kuteleka.

Kidawa akatazama juu. Mawingu upande wa bara yalikuwa meusi kama kaniki. Akakumbuka mafiga aliyokwisha kuyapanga wazi, uani kwa Mzee Bakary. Huwezi kuteleka chini ya turubai. Moto ukikolea turubai linaungua.

Alimsubiri Magdalena pale penye pipa la maji, hadi alipotoka peke yake.

"Pole, Mama Francis."

"Nimeshapoa." Hakumtazama.

"Nina shida, na wa kunitoa ni wewe."

Magdalena akainua kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. "Shida? Leo? Wewe unaniletea mimi shida leo?"

"Kesho nina harusi na mvua ile unaiona. Mafiga yangu yako nje. Wewe una banda na kuni kavu, mimi nina masufuria na wapishi. Tupike zote mbili hapa, msiba kwanza, harusi baadaye. Sijaja kutoa, nimekuja kuomba."

Magdalena alichota maji, akanawa uso taratibu, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Ungesema umekuja kunisaidia," alisema, "ningekufukuza mbele ya watu wote."

"Najua."

"Ufunguo wa kuni anao Francis," alisema Magdalena, akarudi ndani.

Lililobaki lilikuwa Mzee Bakary, na Kidawa alikwenda kwake siku hiyohiyo, baada tu ya sala ya Ijumaa, kwa kuwa habari ya namna ile haifai kumfikia mteja kwa mdomo wa mtu mwingine. Alimkuta barazani akielekeza watu wanaopaka chokaa. Alimpa shikamoo, akaletewa kahawa, akaeleza yote bila kuficha. Mzee Bakary hakumwacha amalize. Alisimama. Chakula cha harusi ya mwanawe kipikwe msibani? Wakwe watoke Dar waje wale mkosi? Alisema ataita watu wa Mtwara waje na vyombo vyao leo hii, na jina la Kidawa atalitangaza soko zima kwamba ni mwanamke asiyejua biashara. Wapaka chokaa wakashusha brashi wasikilize.

Kidawa alikuwa na jibu. Lilikuwa jibu kali na tamu, kuhusu mtu ambaye miaka michache tu iliyopita alikuwa akiuza nazi mojamoja kwenye kituo cha basi. Lilifika hadi kwenye meno. Pale barazani hapakuwa na mchele wa kuchambua, basi alishika kikombe kwa mikono miwili, akameza kahawa na jibu kwa pamoja. Alipokuwa akimeza aliangalia mkono wa mzee ulioshika nguzo ya baraza. Ulikuwa umeishika kama mtu anayeogopa kuanguka.

"Mzee wangu, nisamehe," alisema. "Nieleze kinachokusumbua hasa, nisije nikakazana kutengeneza ambacho hakijavunjika."

Mzee Bakary alifungua mdomo kugomba, na badala ya ugomvi yakatoka mengine. Aliwaashiria wapaka chokaa waende nyuma. Akakaa. Alisema kwamba siku ya akika ya binti yake huyu, Mwanaima, watu wakiwa wamekwisha kukaa mikekani, mama wa mtoto alianguka chumbani, na kabla ya jua kuzama alitolewa kwa mlango huu huu, amebebwa. Chakula cha akika ndicho kilicholiwa msibani. Mwanaima hakuwahi kumjua mama. "Niliapa," alisema, "siku yake ya ndoa, jeneza lisisogee karibu naye."

Kidawa aliweka kikombe chini. Alikuwa amedhani anashindana na majivuno ya tajiri mpya. Kumbe alikuwa amekanyaga kidonda.

"Pole, Mzee. Hilo sikulijua." Kisha akasema polepole, "Lakini jeneza litapita. Njia ya makaburini ni hii ya mlangoni kwako, wala mimi na wewe hatuwezi kuihamisha. Tunachoweza kuchagua ni litakavyopita: ngoma ikiwa inalia, au watu wa nyumba hii wakiwa wamesimama. Na mimi sikulazimishi. Tulipatana nipike hapa. Ukisema hapa, nitapika hapa chini ya mvua kwa nguvu zangu zote, na masufuria yote ni yako. Ila harusi ni ya Mwanaima. Tumuulize."

Mwanaima alitoka ameinua mikono, hina bado mbichi viganjani. Alimsikiliza baba yake hadi mwisho. Alikuwa binti mpole, hata wengi walidhani hana neno lake mwenyewe.

"Baba, unakumbuka siku yangu ya kwanza ya shule? Ulijaribu kunisuka, nywele zikakushinda. Aliyenisuka ni Bibi Bertha, na akanisuka mpaka darasa la saba. Mimi sina mkosi na bibi yule. Ngoma isipigwe mpaka azikwe, na chakula kipikwe pakavu."

Mzee Bakary akacheka kidogo, akalia kidogo, akafuta uso kwa kofia yake. Kisha, kama mfanyabiashara, akauliza kama banda lile linavuja.

Usiku ule ulikwenda, na Jumamosi ilipambazuka na mvua. Si mvua ya rasharasha. Ilikuwa mvua inayoanguka kama mtu kamwaga debe. Uani kwa Mzee Bakary maji yalijaa, yale mafiga yaliyopangwa yakazama hadi shingoni. Upande mwingine wa mji, watu wenye harusi yao walipika nje, moto ukazimika, na inasemekana maharusi walikula mikate. Lakini chini ya bati la Magdalena majiko yote yalikuwa yanawaka, kuni kavu zinapasuka, masufuria ya Kidawa yamekaa juu ya matofali kana kwamba yalitengenezwa kwa ajili ya matofali hayo. Mchinjaji alikuwa Mwislamu, ili atakayekuja kwenye shughuli yoyote ale bila wasiwasi.

Kidawa aligawa kazi kwa kuangalia watu kuliko vyungu. Debora, aliyesali jumuiya moja na marehemu, alimpa chakula cha msiba akisimamie mwenyewe, maana alijua Debora huomboleza kwa kufanya kazi. Mmoja wa wapishi, aliyezika mama yake mwaka jana tu, alimpeleka mbali na nyumba ya msiba, akachambue viungo vya pilau kule mwisho wa banda. Mwanasha alimpa chai ya kupelekea wafiwa ndani. Hakumsema wala kumkumbusha maneno yake ya jana. Mwanasha alikwenda na birika akiwa na uso wa kawaida, akarudi na macho mekundu, na asubuhi yote hakuna aliyebeba maji mengi kuliko yeye.

Mvua ikiwa bado inapiga bati, Magdalena akatokea mlangoni mwa banda, kanga imelowa. Shangazi zake walimfuata wakimvuta mkono: mfiwa hapiki, arudi akakae. Walikuwa na haki, ndiyo desturi. Lakini Kidawa aliona vidole vya Magdalena vinajikunja na kujikunjua, vinatafuta kitu cha kushika, na akaelewa kwamba kukaa ndiko kunakomuua.

"Mwacheni kidogo, mama zangu," aliwaambia. Akachota mchuzi kwa upawa, akampelekea. "Mama Francis, onja chumvi."

Magdalena akaonja. Akafikiri, kama alivyokuwa akifikiri siku zote kule mgahawani, jicho moja amelifumba.

"Haijakolea," alisema.

Na hapo ndipo alipolia. Tangu alfajiri ya jana alikuwa amekauka kama gogo, na sasa machozi yalimtoka hadi akashika nguzo. Kidawa hakumbembeleza. Aliongeza chumvi, akakoroga, akampa upawa aonje tena. Wakasimama hivyo, bega kwa bega, sufuria baada ya sufuria, na hapakuwa na mtu aliyewaingilia.

Mchana mvua ilipungua. Jeneza lilitoka, likachukua njia ya makaburini, na waliokuwa wamelibeba walipofika mbele ya nyumba ya harusi walikuta ngoma zimefunikwa kwa mikeka na watu wamesimama pande zote za njia. Mzee Bakary alikuwa mbele, na wakwe kutoka Dar wamevaa kanzu zao, maji yamelowanisha pindo. Jeneza likapita. Mzee Bakary alilitazama likija, likawa usawa wake, akalitazama likienda. Na ghafla akaingia njiani, akaweka bega lake chini ya jeneza. Bwana harusi akamfuata. Kisha wakwe wote. Wamakonde wa Newala, ambao hawakumjua mtu hata mmoja katika hao, waliwasogezea nafasi.

Yule mkwe mkubwa alisema baadaye, na maneno yake yakasambaa mji mzima, kwamba alikuja Lindi kutazama mali ya Mzee Bakary, na mali hakuiangalia tena.

Watu waliporudi makaburini walikula msibani wakashiba, wageni wa mbali na majirani. Masufuria yakasuguliwa kwa majivu, yakasuuzwa, yakarudi motoni. Pilau ikaanza kunukia hadi barabara kuu. Ndoa ilifungwa baada ya alasiri. Vijana wa ngoma walikuwa bado wanasitasita, mpaka ukaja ujumbe kutoka kwa wazee wa Newala: pigeni, marehemu alikuwa mchezaji hodari, msimwaibishe. Basi zikapigwa. Mwanaima alipotolewa, vigelegele vilianzia uani kwa baba yake na vikaitikiwa kutoka banda la ng'ambo ya pili, ambako wanawake walikuwa wamekaa juu ya ndoo zilizogeuzwa, miguu imewavimba, wakila pilau yao wenyewe. Ilikuwa pilau iliyokaa vizuri, kila punje peke yake. Watu walirudia. Sahani zilikuja jikoni zimepanguswa kama zimeoshwa.

Siku ya kuanua matanga, lori la Magdalena lilikuwa limekwisha kurudi, limepakwa matope hadi kwenye vioo. Watu walikuwa wengi. Magdalena alisimama, akawashukuru wote kama ilivyo ada, akamtaja padri, akamtaja Mzee Bakary. Kisha akasema ana neno moja zaidi. Alisema kuna habari aliieneza zamani kuhusu pilau ya Kidawa, na ilikuwa uongo, naye aliijua kuwa uongo wakati akiisema. Aliisema kwa sababu alikuwa na hofu ya kushindwa. Hakuna aliyemwomba aseme hivyo, hata Kidawa mwenyewe. Kidawa alihisi uso umemwaka. Kwa miaka mitatu alikuwa akiiota siku hiyo, na katika ndoto zake alikuwa na hotuba. Sasa hotuba haikuonekana. Alisema tu kwamba naye aliwahi kupika bure ili kumwua mwenzake kwa njaa, na kilichokufa ni mfuko wake mwenyewe. Watu wakacheka, na kicheko hicho kikafunga jambo.

Hawakuungana siku ile, maana wote wawili walikuwa wamejifunza kuogopa maamuzi yanayofanywa moyo ukiwa umejaa, hata ukiwa umejaa mema. Walipitisha mfungo wa Ramadhani kwanza. Baada ya Idi wakakaa chini, wakabishana kwa utulivu kuhusu kila kitu, hata kuhusu nani atamwambia nani anapokosea, na wakakubaliana kwamba ni faraghani. Mwaka huohuo likaja tangazo la kulisha wanamichezo wa shule za sekondari za kanda nzima. Kampuni moja ya Dar ilituma kijana mwenye tai na picha za rangi. Wao walipeleka pilau. Kazi wakaipata.

Na mwaka uliofuata wakaitwa Kilwa Kivinje, kulekule ambako jina la Kidawa lilikuwa limefika kwa ubaya, wakapike Maulidi ya mji. Lori lilipita taratibu kati ya yale majengo ya kale ya Wajerumani, masufuria yanagongana nyuma kama matoazi, watu wanatoka milangoni kutazama. Walipika kutwa. Jioni safu ya waliokuja kula ilizunguka msikiti, na bado wali ulibaki.

Mzee mmoja wa kamati alikuja jikoni amekasirika kwa sababu ya mikeka iliyowekwa pasipotakiwa, akauliza kwa sauti meneja ni nani. Kidawa na Magdalena wakaitika kwa pamoja. Debora, bila kuinua macho kwenye sufuria, akampa mzee sahani iliyojaa, akamwambia kwa adabu kwamba mameneja wako wawili na wote watamsikiliza, ila ale kwanza. Mzee akakaa, akala. Alipomaliza aliomba nyingine, na habari ya mikeka hakuitaja tena.